Madam Aliyefundisha Watoto Kutoitikia

Mara ya kwanza kumjua vizuri, alikuja nyumbani kwangu kudai uso wake.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mimi na mke wangu tulikuwa nje tunachambua maharage, jua limetoka lakini baridi haijaondoka, kama ilivyo kwetu huku kati ya Makambako na Njombe. Akapiga hodi nyuma ya ua wa mianzi. Alikuwa amevaa sweta la kijani lililomzidi mikono, na mabuti ya mvua ingawa mvua haikuwepo.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, Madam," mke wangu akasema. "Karibu kigoda."

"Asante mama, sikai. Nimekuja kuchukua uso wangu."

Mke wangu alinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyeuficha.

Uso wenyewe ulikuwa kwenye dirisha la jikoni. Kioo kimoja kilikuwa kimevunjika, na mke wangu alikuwa amekiziba kwa karatasi aliyokuja nayo mjukuu wetu kutoka shule. Hatukuwa tumeitazama vizuri. Ilikuwa picha ya mwanamke iliyochorwa kwa penseli, pua pana, macho makubwa, na mtu alikuwa amemwongezea ndevu. Madam akainama pale dirishani, akajitazama kwa muda.

"Ndevu sikuzaliwa nazo," akasema. Akacheka peke yake, kicheko kile cha kupasuka ghafla, kuku wakakimbia. Akaibandua karatasi, akaikunja, akaitia kwenye mfuko, akaenda nyumba inayofuata. Tulimsikia na huko: "Hodi! Nimekuja kuchukua uso wangu."

Baadaye ndipo nikaelewa. Alikuwa amejichora ubaoni, akawaambia watoto wa darasa la sita kila mmoja anakili, ampe mtu mwingine, na huyo naye anakili ampe mwingine. Akawaacha wiki nzima. Kisha akaanza kuzunguka kijiji kukusanya. Alijikuta kwenye mashine ya kusaga, alijikuta kilabuni kwa wanywaji wa ulanzi, na alijikuta kwenye ubao wa matangazo wa kanisa, kati ya zamu za usafi na tangazo la ndoa. Ijumaa akaziweka zile karatasi mezani mbele ya darasa.

"Nimezunguka kijiji kizima," aliwaambia. "Nina miguu, na watu wananifahamu, wamenikaribisha na chai. Bado nyingine sijui ziko wapi. Sasa mtandaoni hakuna mlango wa kupiga hodi. Utakwenda kwa nani kudai uso wako?"

Miezi mingi baadaye shemeji yangu alikwenda harusini Mdandu, akarudi na habari kwamba ameona picha ya yule mwalimu wetu, ndevu na yote, imefungiwa karanga.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala kabila lake, kwa sababu sikumwuliza, na nilipotaka kumwuliza nilikuwa nimeshapoteza haki hiyo. Alikuwa Madam. Walimu wote wa kike tunawaita hivyo, lakini pale kwetu ukisema Madam bila kuongeza jina, kila mtu alijua ni yupi. Alifundisha Uraia na Maadili, na kipindi cha mwisho cha Ijumaa, ambacho zamani kilikuwa cha kufyeka majani, aliomba kwa mwalimu mkuu akifanye cha simu na mtandao. Shule haikuwa na kompyuta hata moja. Umeme ulifika ofisini kwa mwalimu mkuu tu, nao ulikuwa wa kuchaji simu za walimu. Alifundisha mtandao kwa chaki, karatasi, kamba za katani na midomo ya watoto.

Mjukuu wangu Lusungu alikuwa darasani kwake. Baba yake, mwanangu Imani, anaendesha lori njia ya Tunduma, na mama yake alishaolewa kwingine, kwa hiyo mtoto tunaye sisi. Ni mtoto wa maneno machache. Habari zote za Madam nilizipata kutoka kwake kidogo kidogo, akiwa anaosha vyombo, kama mtu anayesema na masufuria.

"Babu, Madam amesema simu haina aibu."

"Ana maana gani?"

"Mtu akikuambia kitu kibaya uso kwa uso, anaona aibu kidogo. Simu haioni."

Au: "Babu, Madam amesema kitu ukikituma si chako tena. Ni cha barabara."

Mimi niliitikia tu, ee, vizuri. Nilisoma hadi kidato cha nne enzi ambazo waliofika huko walikuwa wachache, nikawa karani katika kiwanda cha chai mpaka nilipostaafu, na wakati huo nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule. Nilijiona mtu anayejua mambo. Simu kubwa alinitumia Imani, na Lusungu ndiye aliyenifundisha kuiwasha.

Kutembea na Madam barabarani kulikuwa kazi. Kutoka shuleni mpaka dukani si mbali, lakini yeye alifika jua limeshabadilika mahali. Alimsalimia kila mtu. Kibena chake kilikuwa kibovu, lakini neno "kamwene" alilishika siku ya kwanza, akalitumia kwa kila aliyepita: wazee, wachuuzi wa Kikinga wanaokuja na nguo za mtumba kutoka Makambako, wapasua mbao walio juu ya magogo. Na hakusalimia kwa kupita. Alisimama. Umeamkaje, mama mgonjwa anaendeleaje, viazi vimetoka, yule ndama je. Vijana walimwiga. Mmoja akiona mwenzake anachelewa, anamwambia, "Wewe vipi, umepita njia ya Madam?"

Lakini mtu huyo huyo ukimpigia simu hapokei. Simu italia mfukoni mwake huku mnazungumza, atatoa, atatazama namba, atairudisha.

"Pokea, Madam," nilimwambia siku moja.

"Simjui."

"Si upokee ndiyo umjue?"

"Mzee Mwenyekiti, kama ana shida na mimi atatuma ujumbe aseme yeye ni nani na anataka nini. Asiposema, basi hana shida na mimi. Anatafuta mtu yeyote."

Nilimwona mwenye majivuno. Alikuwa na mambo mengine ya kugongana namna hiyo. Aliwaonya watoto wasiweke picha zao mtandaoni, lakini kila Jumapili akitoka kanisani aliweka picha kwenye simu yake: si yake, ya viatu vyake tu, vimesimama kwenye majani. Walimu wenzake wakamwuliza kwa nini viatu. Akasema, "Viatu vyangu havina siri." Aliimba sauti ya pili kwenye kwaya na hakuwahi kufika mazoezi kwa wakati. Aliogopa ng'ombe. Mwalimu mzima, akimwona ng'ombe wangu amefungwa kabisa, anazunguka kwa nyuma ya choo.

Na yeye aliyefundisha ujanja wa mtandao, mtandao ulishamla. Aliona gauni kwenye simu, zuri, la kitenge, mtu anauza akiwa Dar es Salaam. Akaagiza. Likaja na basi mpaka Makambako, akaenda kulichukua kwa furaha, akafungua kifurushi pale pale stendi. Gauni la mtoto wa chekechea. Mwingine angenyamaza. Yeye alilibeba mpaka darasani, akalitundika ubaoni. Kijijini watu walicheka mpaka wakashika mbavu. "Madam wa mtandao kaliwa na mtandao!" mpasua mbao mmoja alimwita kutoka juu ya gogo. Akamjibu bila kusimama, na hiyo ndiyo mara pekee ninayokumbuka hakusimama: "Nimeliwa gauni tu, kaka. Nataka watoto wako wasiliwe zaidi ya hapo."

Sasa nifike kwenye salamu.

Lusungu alipokuwa darasa la saba, aliosha vyombo akasema, "Babu, Madam amesema si kila salamu inaitikiwa."

Niliweka kikombe chini. "Amesemaje?"

"Mtandaoni. Mtu usiyemjua akikuandikia 'mambo', usiandike 'poa'. Ukiitikia mara moja, umeshamfungulia."

Kwetu hakuna neno baya kwa mtoto kuliko kuambiwa haitikii. Mtu akipita na kusema kamwene, hata kama humjui, hata kama umekasirika, hata kama una mzigo kichwani, unaitikia. Mimi nilipigwa nikiwa mtoto kwa kunyamazia salamu ya mgeni aliyepita kwetu. Nikaona huyu mwalimu anabomoa nyumba kuanzia msingi. Kikao cha wazazi kilipofika sikuliweka jambo hilo mwishoni kwenye mengineyo, nilianza nalo.

"Madam," nikasema mbele ya watu wote, "mtoto asiyeitikia salamu kwetu anaitwaje?"

Akasimama. "Anaitwa hana adabu, Mzee Mwenyekiti."

"Basi?"

"Basi barabarani aitikie. Kwenye simu asiitikie asiyemjua."

"Salamu ni salamu."

"Salamu ya barabarani ina uso, Mzee. Unaiona inatoka kwa nani, ana umri gani, anaelekea wapi, amelewa au hajalewa. Ya kwenye simu ni maandishi. Mwanaume wa miaka hamsini anaandika 'mambo' sawasawa na mtoto wa darasa la tano."

Mama mmoja akanyanyuka nyuma. "Na uongo je? Mwanangu ananiambia mtandaoni akiulizwa, yeye ni mama wa watoto wanne, anaishi Mbeya!"

Watu wakacheka. Baba mwingine akadakia, "Wa kwangu ni dereva wa treni!"

"Niliwaambia wasitaje jina wala shule wala kijiji," Madam akasema, naye anacheka. "Hayo ya treni wameongeza wenyewe."

Mimi sikucheka. Nilisema shule yetu ni ya watu wa kanisani, na hatuwezi kukaa na mwalimu anayewafundisha watoto kunyamazia salamu na kusema uongo. Nilisema afisa elimu kata yupo hapa, amesikia, atafute namna. Nilisema vizuri, kwa sauti ya kikarani. Watu wakapiga makofi, na nakumbuka niliyapenda.

Katikati ya mwaka uhamisho wake ulitoka, akapelekwa Mawengi, milimani Ludewa. Walimu huhamishwa kila siku, na inawezekana maneno yangu hayakuhusika. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Alipita kuaga nyumba zote. Kwangu alisimama barabarani kwa sababu ng'ombe alikuwa karibu na njia, akapunga mkono. "Kamwene, Mzee Mwenyekiti! Baki salama!" Nikaitikia.

Lusungu alimaliza mtihani wa darasa la saba mwezi wa tisa. Matokeo yalipotoka, alikuwa amefaulu vizuri sana. Nilijawa na furaha mpaka nikakosa pa kuiweka, nikaiweka kwenye simu. Nilimpiga picha amevaa sare zake, amesimama mbele ya nyumba. Nikaandika kama ninavyomtambulisha mtoto kwa mgeni mwenye heshima, kwa utaratibu wetu, bila kuruka kitu. Huyu ni mjukuu wangu, jina lake kamili ni hili, amemaliza shule hii, baba yake ni Imani dereva wa Tunduma ambaye hayupo nyumbani, tunaishi naye sisi wazee, nyumba ya tatu kutoka mashine ya kusaga, anasubiri kwenda kidato cha kwanza. Ukimtambulisha mtoto nusu, kwetu ni kama umemwonea aibu. Nikaituma ionekane na dunia nzima.

Watu walinipongeza. Mmoja alikuwa kijana nisiyemjua, picha yake amevaa suti, nyuma yake maua. Aliandika, "Shikamoo babu. Hongera kwa malezi."

Nikaandika, "Marahaba mwanangu."

Kesho yake asubuhi: "Shikamoo babu. Umeamkaje? Bibi hajambo?" Nikaitikia. Siku iliyofuata akaulizia mvua. Nikamwambia. Akaulizia ng'ombe, kwa sababu nilikuwa nimemtaja. Kila asubuhi, kabla sijanywa chai, alikuwa ameshanisalimia. Watoto wangu wa kuwazaa wanapiga simu wakikumbuka. Huyu hakukosa. Nikawa ninaamka ninatafuta miwani kwanza.

"Nani huyo unayecheka naye?" mke wangu aliniuliza.

"Kijana mmoja mwenye adabu."

Baada ya wiki kadhaa akasema yuko kwenye ofisi inayosaidia wasichana waliofaulu. Kuna shule nzuri, ya bweni, bila gharama, nafasi zinakaribia kuisha. Mtoto aje peke yake na begi la nguo mpaka stendi ya Makambako, dada mmoja atampokea, wataondoka wote kwenda kwenye usaili. Alisema tusiwaambie majirani kwa sasa, kwa sababu wataleta maneno ya wivu. Hata hilo nililiona la busara. Nilimnunulia Lusungu begi. Nilimwambia usiku wa kuamkia safari, baada ya sala, kama mtu anayetoa zawadi.

Asubuhi nilimkuta jikoni, amevaa nguo za nyumbani, anamenya viazi.

"Hujajiandaa?"

"Babu, umemwona huyo mtu?"

"Tunasalimiana kila siku."

"Umemwona?"

"Lusungu, nimesema tunasalimiana, tangu..."

"Babu. Umemwona?"

Sauti yake haikupanda. Mke wangu, aliyekuwa anapuliza moto, akageuka. "Baba Imani, mtoto anakuuliza swali."

"Nafasi itapotea!" nikasema.

"Sitaki kwenda," Lusungu akasema. Kisu hakijasimama. "Madam alisema mtu mwema wa kwenye simu hakatai kuja nyumbani mchana. Mwambie aje hapa. Akija nikamwona, na bibi akamwona, nitakwenda."

Nilikasirika sana. Mjukuu wangu mwenyewe ananifundisha, na kwa maneno ya mwalimu niliyemfukuza. Nikachukua simu ili kumwaibisha. Nikaandika hapo hapo, nikisoma kwa sauti kila neno: "Mwanangu, sisi ni wazee, tungependa tukuone. Karibu nyumbani unywe chai, umchukue mtoto mwenyewe."

Akajibu haraka. Ana kazi nyingi, babu. Nikamwambia basi mimi nitamleta mtoto mpaka stendi, nimsalimie huyo dada. Akasema wazazi hawaruhusiwi. Nikauliza jina la shule, ili Imani aulizie huko njiani kwake. Viazi vikamenywa, vikaoshwa, vikawekwa motoni. Kisha ujumbe ukaja: "Mzee unanipotezea muda wangu. Mlete mtoto au acha."

Niliusoma kimya huo. Halafu nikampa mke wangu asome. Yeye husoma polepole, kidole chini ya kila neno. Alipofika mwisho akainuka, akaenda akamkumbatia Lusungu kwa nyuma, mtoto ana mwiko mkononi, wakasimama hivyo.

Nilipotazama tena simu, ile picha ya suti na maua haikuwepo, na maneno yake yote ya salamu yalikuwa yametoweka. Nilikaa kwenye gunia la mahindi. Nilimtazama yule mtoto anakoroga sufuria, nikamtazama tena, nikakosa kushiba kumtazama. Yupo. Anakoroga. Anauliza chumvi iko wapi. Sijawahi kusikia swali zuri kama lile la chumvi.

Mchana ule ule tulikwenda Makambako kituo cha polisi, tukamweleza dada wa dawati la watoto, akaandika yote na hakunicheka. Lusungu akaifuta ile picha niliyoweka.

"Imetoka?" nikamwuliza.

"Imetoka kwetu, babu," akasema.

Na nitasema hili kwa sababu ni kweli: kesho yake asubuhi niliamka nikatafuta miwani kwanza. Hakukuwa na shikamoo. Nilikuwa nimezoea, na kwa dakika moja nilimkosa mtu yule kama mtu anavyomkosa mwanawe. Hapo ndipo nilipoelewa Madam alikuwa anasema nini kuhusu kufungua.

Mwaka jana, Lusungu akiwa kidato cha pili, nilimsindikiza kurudi shuleni kwake baada ya likizo. Tulishuka Njombe na ndoo yake na godoro, baridi ya kukata masikio, tukaingia kwenye mgahawa karibu na stendi tupate chai ya tangawizi. Tulikuwa hatujamaliza kukaa nikasikia kicheko nyuma yangu, kile cha kupasuka ghafla. Niligeuka. Alikuwa amenenepa kidogo, amejifunga mtandio mzito, mfuko wa safari chini ya meza. Anasubiri gari la Ludewa.

"Shikamoo, Mzee Mwenyekiti!"

"Marahaba, Madam. Mimi si mwenyekiti tena."

"Walikupindua?"

"Niliacha mwenyewe."

"Basi wewe ni wa kwanza ninayemjua." Akavuta kiti. "Kaeni hapa, kaeni. Habari za huko?"

Kwa muda mrefu nilikuwa nimetengeneza maneno ya siku hiyo. Yote yakanipotea. Nikasema tu, "Madam, nina habari ya kukupa. Inahusu mtoto na simu."

Uso wake ulibadilika. Aliweka kikombe chini polepole. "Mungu wangu. Mtoto gani?" Akamgeukia Lusungu, akamtazama kichwani, mikononi, miguuni, kama unavyomkagua mtoto aliyeanguka kutoka juu ya mti. "Ni wewe? Amekufanya nini?"

Nikaona nimekosea kuanza. "Hapana, Madam. Mzima. Hakufanywa kitu."

"Sema basi. Wanaokuja kwangu na neno hilo la mtoto na simu wanakuja wamechelewa. Mama anakuja ameshika simu, analia, ananiuliza nifanyeje. Nami sina la kufanya."

"Mwambie mwenyewe," nikamwambia Lusungu.

Akamwambia. Kwa maneno yake machache, akitazama meza: picha, salamu za kila asubuhi, shule ya bure, begi, stendi. Hakunificha wala hakunitetea. Alipofika kwenye viazi, Madam alimshika mkono.

"Wewe ulikaa wapi darasani kwangu?"

"Nyuma, karibu na mlango."

"Ulikuwa unaongea?"

"Hapana, Madam."

"Sikukumbuki, mama. Nisamehe. Nawakumbuka wale wasumbufu tu. Nilijua wa nyuma hamsikii kitu, mnasubiri kengele."

"Tulikuwa tunasikia."

Mimi nikaona ndiyo nafasi. "Madam, na mimi kwenye kile kikao, yale niliyosema..."

"Hayo nayajua, Mzee, nilikuwepo." Hakunigeukia. "Ngoja kwanza. Mtoto, rudia pale uliposema hutaki. Ulimwambia babu yako hivyo? Mdomoni?"

"Ndiyo."

"Na yeye alikuwa ameshanunua begi?"

"Ndiyo, Madam. Jekundu."

"Na hukwenda."

"Sikwenda."

"Stendi hukufika."

"Sikufika."

"Huyo dada wa kukupokea hukumwona kwa macho."

"Sikumwona."

"Kwa hiyo hakikutokea kitu."

"Hakikutokea kitu, Madam."

Konda aliingiza kichwa mlangoni. "Ludewa, Ludewa! Mama wa Mawengi, tunaondoka!"

"Nakunywa chai," Madam akamjibu. Kikombe chake kilikuwa kitupu tangu zamani. Alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, akapenga kamasi bila haya, akamwita mhudumu alete chai nyingine na chapati za mtoto.

"Mama, gari linakuacha!"

"Nenda tu, baba. Nitapanda linalofuata." Akasogeza kiti chake karibu na cha Lusungu. "Haya. Anza tena. Mwanzo kabisa."